Picha ya Askofu Mkuu Herring ambayo rafiki zake hawakuivumilia: uchambuzi wa kisa

Mwezi Novemba 1745, Askofu Mkuu wa York, Thomas Herring, alimwandikia rafiki yake William Duncombe kwamba hapakuwa na hata mmoja kati ya marafiki zake aliyeweza kuivumilia picha aliyochorwa na William Hogarth. Barua hiyo ya faragha ilikuja kuchapishwa mwaka 1777, miaka 20 baada ya kifo cha mwandishi wake, na tangu wakati huo imeifuata picha yenyewe kila inapojadiliwa. Picha ipo hadi leo katika jumba la sanaa la Tate mjini London. Anayeitazama bila kuijua barua hawezi kukisia kwamba iliwahi kumuudhi mtu: haina kejeli, rangi zake zimewekwa kwa uangalifu, na askofu anaonekana kuwa mtu mwenye akili na ukunjufu. Kwa hiyo kuna jambo la kueleza. Maelezo yaliyozoeleka, kwamba Hogarth alikuwa mchora vikaragosi na hivyo hakuwafaa watu wa heshima, naona hayatoshi. Naamini Hogarth aliipata sura ya Herring barabara, akaipata katika hali ambayo cheo chake hakikuruhusu ionekane. Na jambo linalokifanya kisa hiki kiwe na uzito ni kwamba umaarufu wote wa Herring katika mwaka ule ule ulitokana na hali hiyo hiyo.

Ili kuelewa marafiki zake walitarajia kuona nini, ni lazima kwanza kuelewa askofu wa Kanisa la Uingereza alikuwa nani katika karne ya 18. Alikuwa kiongozi wa dini, na papo hapo alikuwa lodi: maaskofu wakuu wawili na maaskofu 24 walikuwa na viti katika Nyumba ya Malodi, baraza la juu la Bunge, na serikali ilizihesabu kura zao kwa makini. Uteuzi ulitoka kwa mfalme kwa ushauri wa mawaziri, na majimbo hayakulingana hata kidogo kwa mapato. Makadirio ya miaka ya 1760 yaliipa Bangor, kule Wales, pauni 1,400 kwa mwaka, York pauni 4,500, na Canterbury pauni 7,000. Mtu aliyepewa Bangor alifahamu, na kila mtu alifahamu, kwamba hapo palikuwa kituo cha kupitia. Herring alipita hapo. Alizaliwa mwaka 1693 huko Walsoken, Norfolk, akasoma Cambridge, akawa mhubiri wa chama cha wanasheria cha Lincoln's Inn mjini London, kisha Dekano wa Rochester mwaka 1732, Askofu wa Bangor mwishoni mwa miaka ya 1730, Askofu Mkuu wa York mwaka 1743, na hatimaye Canterbury mwaka 1747.

Kupanda ngazi namna hiyo kuliandamana na kuchorwa. Picha ya askofu ilikuwa na kazi zake maalumu. Ilitundikwa katika nyumba rasmi ya jimbo, ambako ilikaa pamoja na za watangulizi wake. Nyingine ilipelekwa katika chuo alichosoma. Na kutokana nayo ulichongwa mchongo wa shaba ambao chapa zake ziliuzwa kwa mapadri na watu wa kawaida. Katika kasri la Lambeth, makao ya Askofu Mkuu wa Canterbury, safu ya picha za aina hii inarudi nyuma karne kadhaa, na askofu mpya aliyeingia humo alijua kwamba siku moja naye angewekwa mstarini. Picha ya namna hiyo ilipaswa kwanza kuonyesha kwamba cheo kinaendelea; mwenye cheo alionekana baada ya hapo.

Hii ndiyo sababu picha za maaskofu wa wakati ule zinafanana sana. Turubai mara nyingi lilikuwa la kipimo kilichozoeleka cha sentimita 127 kwa 101 hivi, kinachomwonyesha mtu kuanzia kichwani hadi magotini. Askofu aliketi katika kiti cha heshima. Hakuvaa kofia ndefu ya kiaskofu, kwa kuwa maaskofu wa Kiingereza walikuwa wameacha kuivaa katika ibada za kawaida, na kofia hiyo ilibaki kwenye nembo tu. Kichwani alikuwa na wigi, desturi ambayo miongoni mwa maaskofu wakuu wa Canterbury inahusishwa kwanza na John Tillotson, aliyefariki mwaka 1694. Shingoni zilining'inia tepe mbili nyeupe. Mwilini alikuwa na kanzu nyeupe ya kitani chepesi yenye mikono mipana iliyokusanywa kwenye viganja, na juu yake joho jeusi la satini lisilo na mikono. Msomaji aliyewahi kumwona askofu wa Kianglikana nchini Kenya akiwa amevaa joho jekundu juu ya kanzu nyeupe ameliona vazi lile lile. Rangi ya joho ndiyo iliyobadilika.

Mikono hiyo ya kitani inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana ndiyo iliyokuwa mtihani wa mchoraji. Katika picha ya askofu inachukua sehemu kubwa ya turubai kuliko uso, nayo ni nyeupe tupu, imezungukwa na weusi. Mchoraji akiipaka nyeupe moja inakuwa ukuta. Akiijaza mikunjo mingi inalivuta jicho kutoka usoni. Njia iliyofanya kazi ilikuwa kuweka kwanza kijivu chembamba ambacho weusi wa chini unakipenya kidogo, hata kitambaa kikaonekana chepesi kiasi cha kuonyesha kivuli kilicho nyuma yake, kisha kuongeza rangi nyeupe nzito ya madini ya risasi kwenye kingo za mikunjo tu, kwa mipigo michache ambayo haikurudiwa. Wachoraji wengi waliokuwa na wateja wengi hawakuifanya kazi hiyo wenyewe. Katika London ya miaka ya 1740, Thomas Hudson na Allan Ramsay walichora nyuso, na mavazi wakampelekea Joseph Van Aken, fundi wa vitambaa aliyekuwa akihudumia karakana kadhaa kwa wakati mmoja. Van Aken alipofariki mwaka 1749, Hogarth alichora kikaragosi cha mazishi yake, wachoraji wa picha za watu wakiomboleza nyuma ya jeneza kama watu walioondokewa na riziki yao. Yeye Hogarth hakufanya kazi kwa mtindo huo, na katika picha ya Herring inaonekana: mikono ya kanzu na uso vina kasi moja, mkono mmoja ulivipitia vyote.

Kwa nini basi askofu mkuu mpya wa York alimwendea Hogarth mwaka 1744? Leo tunamfahamu Hogarth zaidi kwa mifululizo yake ya picha za maadili, ambayo makasisi hawakuwahi kutoka salama ndani yake. Katika picha ya kwanza ya mfululizo wa mwaka 1732 juu ya msichana aliyepotelea London, kasisi yupo juu ya farasi akisoma anwani ya barua ya kwenda kwa askofu, huku msichana akinaswa na kuwadi hatua chache kutoka alipo. Mwaka 1736 alitoa picha ya waumini waliolala usingizi wakati wa mahubiri. Lakini mtu huyo huyo alikuwa ametaka kwa dhati kutambuliwa kama mchoraji wa picha kubwa za watu. Jean-Baptiste van Loo alipowasili kutoka Ufaransa mwaka 1737 na kuwanyakua wateja wa London, Hogarth aliumia kama Mwingereza na kama fundi, na mwaka 1740 akajibu kwa picha kubwa ya Kapteni Thomas Coram, aliyoitoa zawadi kwa hospitali ya watoto waliotelekezwa ambayo Coram alikuwa ameianzisha. Mwaka 1741 akamchora Benjamin Hoadly, Askofu wa Winchester, ambaye wanawe walikuwa marafiki zake.

Picha hiyo ya Hoadly ina maana katika kisa chetu kwa sababu inathibitisha kwamba Hogarth alizijua kanuni na aliweza kuzifuata. Hoadly alikuwa mlemavu wa miguu aliyetembea kwa magongo na kuhubiri akiwa amepiga magoti. Katika picha hakuna dalili ya hayo. Ameketi kwa utulivu kamili, amefunikwa na joho zito la Nishani ya Garter, nishani ya heshima ya kifalme ambayo Askofu wa Winchester ndiye kiongozi wake wa kiroho, na mchongaji Bernard Baron aliichonga picha hiyo kwa shaba mwaka 1743. Yeyote aliyetaka kujua kama mchora vikaragosi angeweza kumtunzia askofu heshima yake alikuwa na jibu mkononi. Na Herring alikuwa mtu wa mrengo ule ule wa Hoadly katika siasa na katika dini, Mwhigi, yaani mfuasi wa chama cha kisiasa cha Whig, asiyependa mabishano makali ya mafundisho, ambaye kiti chake cha kwanza cha uaskofu kilikuwa Bangor kama cha Hoadly. Kumwendea Hogarth hakukuwa kitendo cha ajabu.

Inasimuliwa kwamba wakati wa kuchora Hogarth alimwambia Herring kuwa wakuu wa Kanisa wamekuwa na bahati katika picha zao, kwani vichwa bora kabisa vya Van Dyck na Kneller, wachoraji maarufu waliomtangulia, vilikuwa vya maaskofu wakuu Laud na Tillotson, na kwamba picha ya Herring ingekuwa taji la kazi zake mwenyewe. Maneno hayo naona yanamfaa, yawe aliyatamka hivyo au la. Yanaonyesha alikojipima. William Laud wa Van Dyck, aliyechorwa katika miaka ya 1630, alikuwa ndiye kielelezo cha picha zote za maaskofu wa Kiingereza zilizofuata, na nakala zake zilikuwa nyingi. Lakini ni kielelezo kigumu kumwekea Mwhigi: Laud alikuwa mtu wa mamlaka ya juu ya Kanisa, aliyekatwa kichwa mwaka 1645, na kila alichokisimamia ndicho Herring na wenzake walichokiepuka. Hogarth hakuwa akifikiria siasa. Alimwona Van Dyck akitoa kichwa kilicho hai kutoka katika rundo la kitani na satini, akataka kufanya hivyo hivyo.

Alifanikiwa. Macho ya Herring yameelekea kwa mtu aliye karibu naye, ana tabasamu ambalo halijakamilika, na midomo yake ipo tayari kusema au imetoka kusema muda mfupi tu uliopita. Si mtu aliyekaa ili achorwe, ni mtu aliye katikati ya mazungumzo, na wigi, kanzu na kiti vyote vinaonekana kuwa vimemkuta hapo kwa bahati. Katika Ufaransa ya wakati ule uchangamfu wa namna hii ulipendwa katika picha za watu wa dunia. Kwa askofu mkuu wa Kiingereza ulikuwa mpya, na hapa ndipo tatizo lilipo. Mdomo uliofunguka kidogo unampa mtu wakati: sasa hivi, dakika hii. Cheo hakina dakika. Askofu wa kwenye ukuta wa kasri alipaswa kuonekana kama mtu ambaye angeonekana vile vile jana na kesho, na mtu anayekaribia kucheka au kusema hawezi kuwa hivyo.

Matukio ya mwaka uliofuata yaliyaongezea haya uzito. Mwezi Julai 1745 Charles Edward Stuart, wa ukoo wa kifalme uliokuwa umepinduliwa, alitua Uskoti kudai kiti cha enzi kwa ajili ya baba yake. Tarehe 21 Septemba jeshi lake lililishinda jeshi la serikali huko Prestonpans, na njia ya kuingia Uingereza ikabaki wazi. Siku tatu baadaye, tarehe 24 Septemba, Herring alisimama katika ngome ya York mbele ya makasisi na mabwana wa Yorkshire, akawahutubia kwa nguvu juu ya hatari iliyokuwa inakuja. Waliohudhuria walitia saini tamko la kuitetea serikali, na mchango uliokusanywa ulifikia pauni 40,000. Hotuba ilichapishwa mara moja. Karatasi moja iliyouzwa mitaani ilikuwa na maneno ya hotuba, na juu yake picha ndogo ya Herring iliyochongwa na C. Mosley kutokana na ile ya Hogarth. Umma uliomsikia askofu akizungumza ulipewa sura ya askofu anayezungumza, na sidhani kama ingeweza kupatikana picha inayolingana zaidi na tukio.

Mwezi mmoja na nusu hivi baadaye ndipo ilipoandikwa barua ya kwamba picha haivumiliki. Tarehe hizi mbili hazipaswi kutenganishwa. Baada ya York, Herring hakuwa tena askofu mkuu mmoja kati ya wawili. Alikuwa jina la magazeti, na pamoja na sifa zilikuja dhihaka, kwa kuwa maadui wa serikali walimwona kuwa kasisi aliyeiacha Biblia akashika upanga, na kulitoka hata mchoro uliomfanyia mzaha kama askofu-askari. Rafiki wa Herring aliyeitazama picha ya Hogarth katika majuma hayo alikuwa na sababu ya kuogopa. Uchangamfu ambao mwaka mmoja kabla ungeonekana kuwa ukunjufu wa mtu nyumbani kwake, sasa ungeweza kusomwa kama joto la mhamasishaji. Simaanishi kwamba marafiki walilifikiria jambo hili kwa utaratibu huo. Waliiona picha na hawakuipenda, basi. Lakini waliiona wakati ambapo walihitaji kumwona mtulivu.

Kuna jambo jingine linalohusu aliyepokea barua. Mwaka 1728, Herring akiwa bado mhubiri wa Lincoln's Inn, alihubiri dhidi ya mchezo wa nyimbo wa John Gay uliokuwa ukijaza ukumbi kila usiku na kuwafanya majambazi waonekane watu wa kupendeza. Jonathan Swift alimshambulia kwa mahubiri hayo, na Duncombe akamtetea magazetini. Urafiki wao ulianzia hapo. Hogarth, kwa upande wake, alijipatia jina la uchoraji wa rangi za mafuta kwa kuichora onyesho moja la mchezo huo huo mara kadhaa, majambazi, wake zao na watazamaji wenye vyeo waliokaa pembeni mwa jukwaa. Kwa hiyo malalamiko yalikwenda kwa mtu ambaye hakuwa na haja ya kushawishiwa kwamba jicho la Hogarth lilikuwa limezoea jela na jukwaa kuliko madhabahu.

Wazo hilo ndilo lililokuja kutawala. Barua zilipotolewa mwaka 1777 ziliambatana na ubeti wa mistari miwili ambao unasema, kwa maana yake, kwamba sura ngumu ya Lovat Hogarth angeweza kuimudu, bali upole wa Herring unahitaji mkono wa Reynolds. Lovat huyu ni Simon Fraser, mzee wa ukoo wa Kiskoti aliyewaunga mkono waasi. Hogarth alimkuta St Albans mwezi Agosti 1746 akipelekwa London kushtakiwa, akamchora akihesabu koo za waasi kwa vidole vyake, na chapa zake ziliuzwa kwa wingi. Aprili 1747 Lovat alikatwa kichwa. Ubeti unawaweka pamoja mwasi na askofu aliyepinga uasi, kisha unauliza ni mkono gani unamfaa yupi, kana kwamba mtu mwenye uso mkali anastahili ukweli na mwenye uso laini anastahili kufunikwa. Tena unamlaumu Hogarth kwa kutokuwa mtu ambaye wakati ule hakuwa bado mshindani: mwaka 1744 Joshua Reynolds alikuwa kijana wa miaka 21 aliyetoka tu kwa mwalimu wake Hudson, na London haikumjua hadi aliporudi kutoka Italia katika miaka ya 1750.

Hata hivyo ubeti ule unasema kweli juu ya kitu kimoja, nacho ni ladha iliyoshinda. Reynolds alipomchora Thomas Secker, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia mwaka 1758 hadi 1768, alitoa sura ya uzito uliotulia, na Thomas Gainsborough alipomchora Richard Hurd katika miaka ya 1780 alimpa askofu huyo ulaini wa mwanazuoni asiye na haraka na mtu yeyote. Zote ni kazi nzuri, na ya Hurd ni nzuri sana. Lakini katika zote mbili mchoraji anasubiri hadi mtu akae sawa ndipo aanze. Hogarth alianza kabla.

Herring hakuiharibu picha, wala hakuificha. Baron aliichonga pia kwa shaba baada ya Herring kuhamia Canterbury, na chapa zake zilienea kama za askofu mwingine yeyote. Herring alifariki Croydon mwezi Machi 1757, bila kuoa. Mwezi mmoja kabla ya hapo Hogarth, akiwa na umri wa miaka 59, alikuwa ametangaza magazetini kwamba muda uliobaki wa kazi yake angeutumia hasa katika kuchora picha za watu.